Mwenyewe Yuko Wapi? Mwongozo wa kuchunga ulimi sokoni, kikaoni na nyumbani

Sokoni Mwandiga, hapa Kigoma, mama mmoja alikuwa amepanga madumu manne ya mawese mbele yake, ya lita ishirini ishirini. Akaja mnunuzi kutoka mjini, mtu mwenye adabu zake. Akasalimu vizuri, akachovya kidole, akanusa, akatazama rangi juani. Kisha akauliza: "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi," mama akasema.

Bwana akatabasamu. "Namaanisha mzee. Mwenye mali."

Mama akakifunga kifuniko cha dumu taratibu, akamwangalia. "Mwenye mali ndiye anayekutajia bei." Na bei ikapanda elfu tatu palepale.

Nilikuwa pembeni nasubiri bodaboda, na nakumbuka kwamba hakuna aliyetukana. Hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu kulisemea. Ubaguzi wa kijinsia katika maneno yetu mara nyingi huja na salamu njema na tabasamu, na anayeutamka hajui kama ametamka kitu. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, yaani ni kwa ajili yako na yangu.

Tatizo halitoki kwenye sarufi

Kiswahili kimetupa kitu ambacho Waingereza na Wafaransa wanakitafuta kwa tochi. Ukisema "Daktari amefika, mpeni kiti", hakuna anayejua kama ni mwanamke au mwanaume mpaka aingie mlangoni. "Yeye" ni yeye. Kiha nacho ni hivyo hivyo, na Kirundi cha majirani zetu ng'ambo ya Manyovu. Mwenyekiti, katibu, fundi, mvuvi, mkulima: majina yote haya hayana jinsia. Hata "mwana" aliyemo katika mwananchi na mwanasheria si mwanaume, ni mtoto tu.

Na si lugha peke yake. Miaka ya 1940 na 1950, Heru kule Kasulu ilitawaliwa na Theresa Ntare, na historia inamwita Mwami, neno lile lile la wanaume waliomtangulia.

Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kuchunga maneno ni mambo ya Beijing. (Msemo huo wenyewe una historia yake: mwaka 1995 Gertrude Mongella, Mtanzania, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake uliofanyika Beijing, na badala ya kujivuna tukaugeuza mji huo kuwa kejeli ya kumnyamazishia mke.) Sarufi yetu iko safi kwa sehemu kubwa. Tulichokiongeza ni mazoea: nani tunamtaja kwa cheo na nani kwa umbo, nani tunamhesabu, nani tunamficha.

Mazoea hayo yana gharama. Mnunuzi amelipa elfu tatu zaidi kwa kila dumu. Binti aliyesikia mara mia kwamba "hesabu ni za kiume" hatanyoosha mkono darasani. Na mwanamke aliyepigwa, akiambiwa kituoni kwamba hayo ni "mambo ya ndani", atarudi ndani humo humo.

Hatua tano kabla ya kusema

1. Igeuze sentensi. Chukua unachotaka kumwambia mwanamke, mweke mwanaume mahali pake. "Mkurugenzi wetu ni mrembo, mnyenyekevu, na ni mama wa watoto watatu." Igeuze: "Mkurugenzi wetu ni mtanashati, mnyenyekevu, na ni baba wa watoto watatu." Ukicheka, ifute. Jaribio hili linamaliza nusu ya kazi, na halihitaji semina wala posho.

Lifanyie na sifa pia. "Huyu dada ni mwanaume kabisa!" husemwa kwa kusifu ujasiri. Geuza: "Huyu kaka ni mwanamke kabisa!" Sasa ni tusi, na watu wanaweza kushikana mashati. Tazama vizuri jambo hilo: neno moja likiwa ni medali na mwenzake ni kofi, basi kuna kitu tumekiamini bila kukaa kikao. Sema "ni jasiri" na inatosha.

2. Cheo kwa cheo. Ukimwita mmoja "Mwalimu" na mwenzake mwenye kazi hiyo hiyo "mama", umemshusha mmoja hata kama ulitaka kumheshimu. Simaanishi uliondoe neno mama. Hapa Kigoma "shikamoo mama" ni heshima tupu, na wanawake wengi wanapenda kuitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Lakini kwenye muhtasari wa kikao, barua au taarifa ya redio, mpe kila mtu cheo chake. Samia Suluhu Hassan anaitwa Mama kwa mapenzi na hakukataa. Hata hivyo Machi 2021, alipokuwa akimuaga mtangulizi wake pale Dodoma, aliwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais. Kwenye karatasi, ni Rais Samia.

Ukiwa hujui cheo, tunalo neno letu la zamani lisilo na jinsia wala tabaka: Ndugu. Ndugu mjumbe, ndugu mteja, ndugu msafiri. Tuliliacha baada ya siasa ya Ujamaa kupoa, tukahamia kwenye "mheshimiwa" na "bosi". Mimi naona tulipoteza.

3. Taja kazi, usitaje ndoa. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi mitumbwi inaporudi. Wanawake wananunua dagaa kwa beseni, wanabeba, wanaanika, wanageuza, wanafukuza kunguru, wanafunga magunia, wanatafuta gari. Halafu taarifa inasema "wavuvi na wake zao". Wengi wao si wake wa mvuvi yeyote. Ni wachuuzi, waanikaji, wafanyabiashara wa dagaa. Vivyo hivyo kwa mama "asiye na kazi, anakaa tu nyumbani", ambaye tangu saa kumi na moja alfajiri hajakaa.

4. Mtaje aliyetenda. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maneno yanapoumiza zaidi.

Sikiliza tunavyosema: "Mtoto wa fulani amepata mimba." Kana kwamba aliiokota njiani. "Ameharibika." "Amejiharibia maisha." Mwanaume yuko wapi katika sentensi hizo? Ametoroka hata kabla polisi hawajamtafuta. Kisheria kumpa mimba mwanafunzi ni kosa ambalo tangu mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kisarufi hayupo kabisa. Sema: "Kuna mtu amempa mimba mwanafunzi." Mara moja masikio yanauliza: nani?

Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo akiwa Waziri wa Elimu na Mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi. Mlango ulifunguliwa kwa waraka. Lakini binti akirudi darasani akaitwa "mama wa mtoto" na wenzake, au na mwalimu kwa utani, mlango umefungwa tena. Mwite kwa jina lake, kama wengine.

Na kuna hii ya magazeti: "Auawa kwa wivu wa mapenzi." Aliyeua hatajwi, na sababu imeshatolewa, na sababu yenyewe ina neno mapenzi ndani yake. Ukisimulia habari hiyo kijiweni, anza na mtendaji: "Mwanaume mmoja anashtakiwa kwa kumuua mke wake." Kwa kipigo, usiseme "wamegombana" kama mmoja ndiye aliyepiga na mwingine ndiye mwenye jeraha.

5. Hesabu wote kwa neno moja. Niliwahi kuonyeshwa muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioandikwa "Wananchi 84 na akina mama 31". Nikauliza, akina mama hao si wananchi? Katibu akajikuna kichwa. Andika "wananchi 115, wanawake 31 na wanaume 84". Takwimu inabaki, uraia unarudi.

KISANDUKU: Badala ya hili, sema hili

- "Bwana shamba", "bwana afya" → afisa ugani, afisa afya. Nimeshuhudia huko juu kwenye kahawa, upande wa Kalinzi, wakulima wakimsubiri bwana shamba huku aliyetumwa ameshafika, yuko chini ya mgomba na buti zake za mpira, anawasubiri wao.
- "Hausigeli", "beki tatu" → mfanyakazi wa nyumbani. Akiwa mbele yako, jina lake.
- "Amepata jiko" → ameoa. Jiko linauzwa dukani.
- "Demu", "mzigo", "chombo", "mtoto mkali" → msichana, dada, mwanamke. Hakuna kilichopungua ila dharau.
- "Anatafutwa msichana mrembo wa kuuza duka" → anatafutwa mtu wa kuuza duka, ajue hesabu.
- "Acha umama", "unalia kama mwanamke" → jikaze. Au afadhali, muulize analia nini.
- "Amezaa wasichana watupu" → ana watoto wanne.
- "Mmepata nini? Wa kike? Basi, Mungu atawapa mwingine" → hongereni, mama na mtoto hawajambo?
- "Rubani mwanamke", "fundi wa kike" → rubani, fundi. Isipokuwa jinsia yake ndiyo habari yenyewe.

Na kuoa, kuolewa?

Hapa ndipo sarufi inapotusaliti. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa, kama mbuzi na kamba. Wapo wanaotaka kila mtu aseme "ameoa" bila kujali jinsia. Mimi sikushauri. Ukimwambia bibi yako Ujiji kwamba mjukuu wake wa kike "ameoa", utatumia jioni nzima kufafanua na mwisho wake mjukuu ataombewa dua. Kiswahili kina njia nzuri iliyo tayari: wameoana, wamefunga ndoa. Kwa fomu na matangazo, tumia hizo. Kwa mazungumzo ya barazani, "ameolewa" acha iende.

Kauli isiyopaswa kuachwa iende ni hii: "Nimekulipia mahari." Ikitamkwa katikati ya ugomvi, ni risiti. Mahari ni heshima kati ya koo mbili, na anayeitaja kama bei ya dukani anawaaibisha wazee wake mwenyewe waliokwenda posa.

Stendi na barabarani

Pale njia panda ya Mwandiga, magari ya Kasulu na ya Manyovu yanapopakia, ushindani wa abiria ni mkali, na wapiga debe wana haraka. Lakini haraka haimlazimishi mtu kumwita abiria mwanamke "shemeji". Vijana wa bodaboda na wa stendi, fanyeni hivi:

1. Salimu kwa umri: "shikamoo mama" kwa mkubwa, "habari dada" au "mambo dada" kwa rika lako.
2. Uliza safari: "Unaelekea wapi?"
3. Asipojibu, nyamaza. Usimfuate, usimshike mkono wala mzigo wake, usiseme "unaringa nini".
4. Mwili wake usiwe mada, wala kwake wala kwa mwenzako baada ya yeye kupita. Anasikia.

Abiria wanawake wanachagua pikipiki ya kijana anayewaheshimu na wanaitunza namba yake. Mji mzima wapo vijana waliojenga nyumba kwa adabu hiyo, ingawa hawatakubali kwamba ndiyo siri.

Wanaume nao wanakatwa na kisu hiki

Mwanaume akionekana anafua, majirani wanasema amekaliwa, ametiwa limbwata. Akimpeleka mtoto kliniki, anaulizwa mama yuko wapi. Mvulana wa miaka sita akianguka akalia anaambiwa mwanaume halii, na miaka thelathini baadaye tunashangaa kwa nini hasemi linalomsumbua. Akipigwa na mke, hathubutu kwenda popote, anajua watakavyocheka. Limbwata ni neno dogo, lakini limewarudisha wanaume wengi kutoka jikoni.

Kumsahihisha mtu bila kumvunjia heshima

Hapa wengi wanaharibu. Wanapata elimu leo, kesho wanamkosoa baba mkwe mbele ya wageni.

1. Akiwa mkubwa wako, usimsahihishe hadharani, isipokuwa mtu anaumizwa pale pale.
2. Rudia maneno yake kwa namna sahihi, bila kuyanyooshea kidole. Akisema "Bwana shamba hajafika", jibu: "Kweli mzee, afisa ugani amechelewa, nampigia sasa hivi." Wazee wana akili, wanasikia.
3. Akirudia, mfuate faraghani na uulize badala ya kuhukumu: "Shikamoo baba. Jana uliposema mkutano ni wa wanaume, mimi na dada tuliona kama tumefukuzwa. Ulimaanisha hivyo?" Mara nyingi hakumaanisha, na atalirekebisha mwenyewe.
4. Kwa rika lako, utani unafanya kazi kuliko hotuba. "Kumbe wewe ulizaliwa na mwanaume?" inatosha.
5. Kama si mazoea bali ni kusudi la kuumiza, acha utani. Sema wazi: "Sitaki neno hilo." Maneno matatu, bila samahani.

Makosa ya wanaoanza

Kosa la kwanza ni kudhani wanawake hawawezi kulikosea jambo hili. Agosti 2021 Rais Samia mwenyewe alizungumzia vifua vya wanasoka wa kike katika hafla ya kupongeza timu ya taifa ya vijana, na wanawake wengi walilalamika. Mama mkwe anayesema "mwanangu ameoa mtu asiyezaa" anatumia kisu kile kile.

La pili ni kusifu kwa namna inayopangia kazi. "Nyuma ya kila mwanaume aliyefanikiwa kuna mwanamke." Kwa nini nyuma?

La tatu ni kugeuza mwongozo kuwa fimbo ya kuwapigia watu wa chini. Mpiga debe anakaripiwa, na tajiri aliyesema neno lile lile harusini anapigiwa makofi. Anza na mwenye kipaza sauti.

KISANDUKU: Neno linapokuwa kosa la kisheria

Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na inataja jinsia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA, iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kijinsia, na kosa hilo linaweza kufanywa kwa maneno matupu (kifungu cha 138D). Kwa hiyo bosi anayemsemesha mfanyakazi wake maneno ya kitandani hawezi kujitetea kwamba "nilikuwa natania".

Ukifikwa: andika maneno yenyewe, siku, saa na aliyesikia, tunza ujumbe wa simu, usiufute kwa hasira, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Akiwa mtoto, piga 116.

Orodha ya katibu wa kikao

Hii ni ya wenye kalamu: makatibu wa vikundi vya hisa, wa misikiti na makanisa, wa serikali za vijiji. Ibandike ndani ya daftari.

☐ Majina yote yana vyeo, au hakuna lenye cheo.
☐ Hakuna "wajumbe na akina mama". Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba na watatu ni wanawake kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999. Wote ni wajumbe.
☐ Hoja ya mwanamke imeandikwa kwa jina lake, hata kama mwanaume aliirudia baadaye kwa sauti kubwa zaidi. (Hili hutokea karibu kila kikao. Sikiliza utaona.)
☐ Kugawa chai hakukuandikwa kuwa "kazi ya akina mama". Kumepangwa kwa zamu.
☐ Mjane ameandikwa kwa jina lake, si "mke wa marehemu" peke yake, hasa panapohusu shamba.

Ukisahihishwa wewe

Sema "samahani", rudia sentensi kwa usahihi, endelea. Usijieleze nusu saa kwamba una dada na binti na unawapenda.

Najua ninachosema. Niliwahi kuombwa na kikundi cha wauza dagaa kuwaandikia barua ya maombi ya mkopo. Nikaandika kwa mbwembwe zote, na mstari wa kwanza ukasomeka: "Sisi wake za wavuvi". Mwenyekiti wao akaisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, mikono ina magamba ya samaki. Akanirudishia.

"Mvuvi gani?" akauliza.

Nikaomba radhi.

"Andika upya," akasema. "Na karatasi nyingine utanunua wewe."